Mizuki Shigeru: Hamu ya Utoto na Sura za Visivyoonekana

Hamu ya utoto ni hali ya moyo kuvutwa na miaka isiyoweza kurudiwa. Haifanani kabisa na hamu ya nyumbani, kwa maana msafiri anaweza kufunga mizigo akarejea kwao, lakini utotoni hakuna nauli ya kurudi. Mwaka 1688, daktari Johannes Hofer alipoandika tasnifu yake huko Basel na kubuni neno nostalgia, aliwazungumzia watu walioumia kwa kuwa mbali na kwao, na tiba aliyoitegemea zaidi ilikuwa kuwarudisha nyumbani. Anayeutamani utoto hana tiba hiyo. Kwake yeye, na hasa akiwa msanii, linabaki swali la kifalsafa: anachokichora akiukumbuka utoto wake ni kile alichokiona zamani, au ni kitu anachokiunda leo na kukipa jina la jana?

Augustino wa Hippo aliligusa swali hili katika kitabu cha 11 cha Maungamo. Hoja yake ni kwamba utoto wake haupo tena, kwani umo katika wakati uliopita, na wakati uliopita nao haupo. Anapoukumbuka na kuusimulia, anatazama taswira iliyobaki katika kumbukumbu, na taswira hiyo ipo sasa. Kwa hiyo kila kumbukumbu ni jambo la leo, hata inapohusu jana. Kwa mchoraji wa hadithi za ajabu tatizo huzidi, kwa sababu taswira anayoihifadhi ni ya viumbe ambao pengine hakuna aliyewahi kuwaona.

Mfano ulio wazi wa tatizo hili ni Mizuki Shigeru, mchoraji wa manga, yaani hadithi za picha, wa Japani aliyezaliwa mwaka 1922 na kukulia Sakaiminato, mji wa bandari katika mkoa wa Tottori. Familia yake ilikuwa na bibi mmoja mtumishi ambaye watoto walimwita Nonnonba. Jina hilo lilitokana na neno la huko la watu wanaowaombea wengine kwa miungu na kwa Buddha, kazi aliyoifanya mumewe. Bibi huyu alimsimulia mtoto habari za yokai. Neno mzuka la Kiswahili linalikaribia neno hilo bila kulitosheleza, kwa kuwa yokai wengi si roho za marehemu. Ni viumbe wa mahali au wa tukio fulani: yupo anayelamba uchafu wa bafuni, na yupo anayeacha madoa darini kwa ulimi wake. Nonnonba pia alimpeleka kwenye hekalu la Shofukuji, lenye mchoro wa jehanamu na peponi, naye akaukodolea macho.

Mafundisho ya bibi huyu yalikuwa na mpangilio wake. Kila jambo dogo lisiloeleweka lilikuwa na mwenyewe. Sauti kama ya kunde zinazooshwa mtoni ilikuwa ya Azukiarai. Nyayo zinazomfuata mtu njiani usiku zilikuwa za Betobeto-san, na dawa yake ilikuwa kusogea kando na kumwambia kwa adabu atangulie. Mtoto aliyefundishwa hivyo hakuambiwa kwamba giza ni tupu, wala hakuambiwa alikimbie. Alipewa jina la anachokiogopa na namna ya kukaa nacho. Jambo hili liko karibu na dini kuliko burudani, ingawa halina kitabu, imamu wala padri. Ni elimu ya adabu mbele ya visivyoonekana.

Hamu ya Mizuki ilielekea kwenye elimu hiyo zaidi kuliko kwenye raha za utotoni. Katika manga yake ya Nonnonba, utoto wa miaka ya 1930 haukupakwa sukari. Wamo watoto wanaokufa kwa maradhi, umo umaskini, na yumo msichana anayeuzwa na watu wazima. Wakati huohuo nchi ilikuwa ikielekea vitani. Msomaji anayetafuta bustani iliyopotea haioni humo. Anamwona mtoto anayejifunza kuyabeba mazito kwa kuyapa sura.

Vita viliyapima mafundisho hayo. Mizuki alipelekwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, akaugua malaria na kupoteza mkono wa kushoto kwa bomu. Alisimulia kwamba siku moja, akitoroka peke yake msituni usiku, alikwama mbele ya kitu kama ukuta asichoweza kukipita wala kukizunguka, na baadaye akakitambua kuwa Nurikabe, yokai anayewazuia wapita njia. Daktari anaweza kusema huo ulikuwa uchovu na hofu. Maelezo hayo yanatosha kueleza ukuta ulitoka wapi, lakini hayaelezi ulimfanyia nini askari aliyekuwa nao. Hofu yenye jina ina mpaka, na mtu anaweza kukaa chini akaisubiri ipite.

Tajriba hiyo pia inatenganisha aina mbili za hamu ya kale. Mwandishi Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya jana kama inavyodhaniwa ilikuwa, na hamu inayoitafakari jana ikijua kwamba imepita. Serikali ya Japani ya wakati wa vita iliwasha hamu ya aina ya kwanza: ilitukuza zamani za mashujaa na kuwataka vijana wafe kwa ajili yake. Mizuki aliishambulia hamu hiyo katika manga yake ya mwaka 1973 kuhusu wanajeshi wa New Britain wanaoamriwa kwenda kufa bila sababu. Hamu yake mwenyewe haikuwa na bendera. Huko huko kisiwani alifanya urafiki na Watolai, wenyeji wa huko, akavutiwa na maisha yao, na baada ya zaidi ya miaka 20 akarudi kuwatembelea.

Baada ya vita alichora picha za kamishibai, hadithi za kadi zilizosimuliwa mitaani kwa watoto walionunua peremende, kisha manga za maktaba za kukodisha. Umaarufu ulimjia kwa Kitaro, mvulana wa ukoo wa yokai anayesimama kati ya binadamu na viumbe hao. Hadithi yenyewe ilikuwa na mizizi katika kamishibai ya miaka ya 1930, na mwaka 1968 iliingia kwenye televisheni kwa jina la Gegege no Kitaro. Hata jina hilo lilibeba utoto: alipokuwa mdogo Mizuki hakuweza kutamka vizuri Shigeru, akajiita Gegeru.

Hapa swali la Augustino linarudi likiwa na uzito zaidi. Nurikabe wa masimulizi hakuwa na umbo, alikuwa kizuizi tu kinachohisiwa gizani. Betobeto-san alikuwa nyayo. Mizuki, akitumia vitabu vya kale kama vile vya Toriyama Sekien, mchoraji wa karne ya 18, pamoja na orodha za mtafiti wa mila Yanagita Kunio, aliwapa viumbe hawa macho, miguu na ngozi. Nurikabe akawa bapa kubwa la ukuta lenye macho mawili. Alichokisikia utotoni kwa masikio, wasomaji wake walikipokea kwa macho, na kilichokuwa cha kijiji kimoja au wilaya moja kikawa cha taifa zima. Yokai waliokolewa wasisahauliwe, lakini waliookolewa si walewale waliosimuliwa na Nonnonba.

Kuna anayeweza kuliita jambo hili uwongo. Hukumu hiyo ingefaa kama masimulizi yangekuwa na nakala moja sahihi ya kulinganishia. Nonnonba naye aliyapokea kwa wengine na kuyasimulia kwa sauti yake, na kila aliyewahi kuyahifadhi aliyageuza kidogo. Katika mambo ya aina hii uaminifu hupimwa kwa kuangalia kama kilichogeuzwa bado kinafanya kazi yake. Kazi ya Betobeto-san ilikuwa kumfundisha mtoto kumpisha asiyemwona, na katika michoro ya Mizuki kiumbe huyo bado anapishwa.

Mizuki alifariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 93. Sakaiminato leo ina barabara yenye jina lake, iliyopangwa sanamu za shaba, nyingi zikiwa za yokai. Watoto wanaotembea hapo na wazazi wao wanaanza kuwakumbuka viumbe hao kwa sura alizowapa yeye, na siku wakiutamani utoto wao, sehemu ya watakachokitamani itakuwa hamu ya mtu mwingine.