Ndege Njema, Ndege Mbaya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika lugha yetu neno "ndege" lina maana mbili. Ni kiumbe arukaye, na ni ishara ya bahati au ya mkosi. Mtu husema, "Nimepata ndege mbaya," akavunja safari. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na desturi hiyo hiyo, wakaiita tiyara, neno litokanalo na tair, yaani ndege. Walimfurusha ndege: akienda kulia walisafiri, akienda kushoto walirudi. Mtume (S.A.W.) aliikataa, na katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud aliihesabu kuwa ni shirki.

Sasa tuwatazame wenzetu wa bara. Mwaka 1909 iliundwa Nairobi jumuiya ya kuchunguza viumbe vya Afrika Mashariki, na mwaka 1971 watu wake walianza kutoka kila Jumatano asubuhi kutazama ndege. Wapenzi wa ndege hufika hata Ukambani. Huko Kitui humtafuta ndege mdogo wa vichakani ambaye hapatikani nchi yoyote duniani ila Kenya. Huko Makueni huingia msitu wa Kibwezi. Na ng'ambo ya Mtito Andei, katika Tsavo Magharibi, pana mahali paitwapo Ngulia. Hapo, tangu mwaka 1969, ndege wageni kutoka kaskazi ya dunia hunaswa kwa nyavu katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, wakavishwa pete mguuni, wakaachiliwa. Baadhi ya pete hizo zimepatikana Uarabuni na Urusi.

Katika miezi hiyo hiyo kozi wadogo watokao pande za mto Amur, mpakani mwa Urusi na Uchina, huvuka bahari kutoka Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi ya babu zetu. Hupita Ukambani wakati wa mvua za vuli, wakila kumbikumbi.

Ni nani awashikaye angani? Surat al-Mulk, aya ya 19, yatufahamisha kuwa si mwingine ila Mwingi wa Rehema. Basi si aibu kwetu? Mtu asiyeisoma aya hii hukesha nyikani ili amjue ndege. Nasi tuisomao, bundi akilia juu ya paa, twamtupia mawe, twaahirisha harusi, twamkimbilia mganga! Na bundi maskini amekuja kuwinda panya wanaotula nafaka yetu. Kiumbe asiyejua riziki yake ya kesho atajuaje ajali yako?

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa ndege atokaye asubuhi na njaa akarejea jioni ameshiba. Hilo ndilo la kujifunza kwa ndege: atoke, atafute, amtegemee Mola wake.

Basi aliyeazimia safari, bundi akalia, na amtaje Mungu asafiri. Na wana wetu tuwafundishe kumtazama ndege kwa jicho la mwenye kuzingatia, wala si la mwenye kuogopa.

Wabillahi ttawfiq.