Kijana Aliyeanguka Motoni

SABATO MCHANA

Jifunze kwa ajili ya somo la juma hili: Marko 9:14-29, Mathayo 4:24, Yohana 9:1-3, 2 Wafalme 20:1-7, 2 Timotheo 4:20, Marko 2:1-5.

Fungu la kukariri: Marko 9:24. Kila mmoja alikariri kutoka katika Biblia yake. Ni ombi la baba aliyekuwa na imani na mashaka kwa wakati mmoja, na Yesu hakumfukuza.

Katika mitaa ya Majengo, Moshi mjini, nyumba zimekaribiana na jiko la mkaa huwekwa uani au mlangoni, mahali ambapo watoto hupita. Mtu mwenye kifafa akishikwa hapo, moto uko hatua moja tu. Baba wa Marko 9 alimweleza Yesu hatari hiyohiyo: mara nyingi mwanawe alianguka motoni na majini. Juma hili tunajifunza jinsi kanisa linavyopaswa kumpokea mtu mwenye ugonjwa wa ubongo. Kosa letu katika jambo hili linaweza kugharimu uhai wa mtu.

JUMAPILI: Swali la Yesu

Soma Marko 9:20, 21. Yesu aliuliza nini kabla ya kumponya kijana?

Aliuliza hali hiyo ilianza lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utotoni. Hilo ndilo swali ambalo mganga wa kliniki huuliza kwanza. Yesu alijua yote, lakini alimpa mzazi nafasi ya kueleza, na umati ukasikiliza. Hakuuliza nani alimroga, wala mama alifanya kosa gani.

Katika Yohana 9:1-3 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Hata leo familia yenye mtoto mwenye kifafa husikia minong'ono ya laana ya ukoo. Mzazi aliyechoka kukesha na mgonjwa hubebeshwa na aibu.

JUMATATU: Kinachotokea Ndani ya Ubongo

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kuurekodi umeme huo kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kichwani. Kwa mtu mwenye kifafa, kundi la seli hizo huwaka pamoja bila mpangilio kwa muda mfupi. Mwingine huanguka na kutetemeka mwili mzima, mwingine hukodoa macho tu na kuacha kusikia.

Sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, ajali ya pikipiki, au kiharusi. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, madaktari wamekuta wagonjwa wa kifafa wenye vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Muadventista asiseme, "Hilo halinihusu, sili nguruwe." Mayai ya tegu hutoka kwa kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, nayo huweza kumfikia mwingine kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa. Choo safi na maji ya kunawa ni sehemu ya ujumbe wetu wa afya.

Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, alikuta wagonjwa wametengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya moto. Walipopata dawa kila mara, wengi walipata nafuu.

JUMANNE: Je, Kila Kifafa ni Pepo?

Soma Mathayo 4:24. Ni makundi gani ya wagonjwa yanayotajwa?

Mathayo anawataja wenye pepo, kisha anawataja wenye kifafa, kisha waliopooza. Ni makundi mbalimbali, na Yesu aliwaponya wote. Kweli, kijana wa Marko 9 alisumbuliwa na pepo, na Biblia inasema hivyo waziwazi. Lakini aliyetambua hilo ni Bwana aonaye moyo. Sisi hatuna macho yake. Hatuwezi kusoma kisa cha kijana mmoja tukakiandika juu ya kila mtoto anayeanguka.

Angalia pia Marko 9:29. Wanafunzi walipouliza kwa nini walishindwa, Yesu aliwaelekeza kwenye maombi, na nakala nyingine za Biblia zinaongeza kufunga. Mzigo huo uliwekwa juu ya wanafunzi, si juu ya mgonjwa. Jambo hili ni zito. Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha kifafa, na njaa ya muda mrefu nayo inaweza kumdhuru mgonjwa. Kumkesheza kijana usiku kucha na kumfungisha siku tatu ili apone kunaweza kuleta degedege lilelile tunaloliombea. Kanisa likeshe, mtoto alale.

JUMATANO: Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:5-7. Kwa nini Isaya aliagiza dawa baada ya Mungu kuahidi uponyaji?

Hezekia aliomba kwa machozi. Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hezekia hakusema kwamba tini ni upungufu wa imani. Maombi na dawa vilitoka katika mkono mmoja.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mshiriki anaombewa, halafu mtu mwenye nia njema anamshauri aache vidonge ili kuonyesha kwamba ameamini. Kuacha dawa kama fenobabito kwa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokoma, nalo huua. Mwenye kubadili dawa ni daktari aliyeiandika. Ikiwa Mungu ameponya, vipimo vya daktari havitaufuta muujiza wake.

Na asiyepona je? Paulo, aliyeponya wengi, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hamlaumu kwa imani haba. Waanzilishi wetu nao walionja ugonjwa wa ubongo: James White alipatwa na kiharusi mwaka 1865. Ellen White aliomba, akampeleka kwenye matibabu, kisha akamsaidia kurudia kazi kidogo kidogo. Nafuu ilikuja polepole, na haikuitwa aibu.

ALHAMISI: Watu Wanne na Kitanda

Soma Marko 2:1-5. Yule aliyepooza alifikaje kwa Yesu?

Alibebwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Moshi ina hospitali ya Mawenzi, na KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Hata hivyo, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai walikuta wengi wenye kifafa hawapo kwenye matibabu. Hospitali iko karibu, lakini kitanda hakina wabebaji. Nauli ya Dorkasi, mzee wa kanisa anayemsindikiza mama kliniki, jirani anayekumbusha vidonge: hao ndio watu wanne.

Mtu akishikwa ibadani, ondoa viti na vitu vyenye ncha, weka nguo laini chini ya kichwa, na mtetemo ukipungua mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Angalia saa: ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, mkimbize hospitali. Akizinduka, akute uso anaoufahamu, si umati. Wala asinyimwe ubatizo kwa hofu ya maji. Shemasi wawili wasimame naye kisimani.

IJUMAA: Mawazo Zaidi

Kijana wa Marko 9 alipolala kama maiti, watu wengi walisema amekufa. Yesu alimshika mkono, akamwinua, na Luka, aliyekuwa tabibu, anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake (Luka 9:42). Kazi ya kanisa haijakamilika mpaka mgonjwa arudi nyumbani, mezani, shuleni na darasani mwa Shule ya Sabato.

Maswali ya kujadili:

1. Kuna familia katika mtaa wenu inayomficha mgonjwa ndani? Kikundi chenu kitaibishia hodi lini, na nani ataenda?

2. Mtamjibu nini mshiriki anayesema kwamba kumeza vidonge baada ya kuombewa ni kukosa imani?

3. Panga mikesha na mifungo ya kanisa lenu upya: mtamlindaje mgonjwa huku mkiendelea kumwombea?