Nani Mkubwa Kati Yenu?

Andiko: Marko 10:35–45

Wapendwa, Yakobo na Yohana walimwendea Yesu wakiwa na ombi moja: viti. Mmoja kuume, mwingine kushoto. Wale kumi waliposikia walikasirika, na sidhani ni kwa sababu walikuwa wanyenyekevu. Yesu akawaita wote. Akawaonyesha kwamba wakuu wa mataifa hutawala kwa mabavu, lakini kwao isiwe hivyo. Anayetaka ukubwa na awe mtumishi.

Mwaka 1954 mwalimu Mwingereza, William Golding, alitoa riwaya iitwayo Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi. Jina hilo linatukumbusha Baal-zebubu wa 2 Wafalme 1. Ndege inaanguka, na wavulana wanabaki kisiwani bila mtu mzima. Wanaanza vizuri: wanapiga kura, wanamchagua Ralph, wanapanga zamu ya kusema. Lakini Jack anataka kutawala. Na unajua Jack alikuwa nani? Kiongozi wa kwaya! Anawavuta wenzake kwa nyama na kwa hofu ya mnyama wanayedhani yuko kisiwani. Mwishowe wavulana wawili wanauawa na wenzao. Mnyama hakuwa msituni. Alikuwa ndani yao, palepale Yesu anaposema uovu hutoka, katika Marko 7:21.

Sasa sikiliza. Sisi wa Turkana hatuhitaji kwenda kisiwani. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa sababu ya wavulana. Walikimbia vita vya Sudan kuanzia 1987, maelfu yao, wakatembea hadi Ethiopia. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka, walifukuzwa huko. Katika mto Gilo wengi walizama, wengine wakapigwa risasi. Wakatembea tena hadi Lokichoggio, kisha Kakuma. Wengi hawakuwa na baba wala mama.

Njaa walikuwa nayo. Hofu pia, na wanyama wao walikuwa simba na mamba wa kweli. Je, walikulana? Hatusemi walikuwa malaika. Baadhi yao walipewa bunduki na watu wazima, na hilo ni aibu ya watu wazima. Lakini waliishi kwa vikundi, pamoja na walimu na wazee wachache waliotembea nao. Waliopika walipikia kikundi kizima. Mkubwa alimshika mdogo mkono. Mtoto aliyekufa njiani alizikwa na watoto wenzake.

Kisiwani mkubwa aliuliza, "Nani atanitii?" Njiani kuja Kakuma, wengi waliuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Hilo ndilo swali ambalo Kaini alikataa kulijibu katika Mwanzo 4.

Mpendwa, usiseme mahubiri haya ni ya wanasiasa. Wewe umeshika nini? Kipaza sauti cha kwaya? Uenyekiti wa vijana? Daftari la majina kule kambini? Ufunguo wa stoo? Au bunduki ya kulinda mifugo mpakani? Siku hizi mgao wa chakula Kakuma umepungua, na kikipungua chakula ndipo moyo wa kiongozi huonekana. Yule anayepima unga, je, anapimia ndugu zake kwanza? Hapa Lodwar wako wavulana wanaolala kwenye varanda za maduka. Tunawaita chokoraa, tunapita. Tukiwaacha peke yao, nani atawafundisha kwamba mwenye nguvu hamnyang'anyi mnyonge? Watajifunza kwa Jack.

Jipime kwa swali hili wiki hii: ni mdogo gani aliye salama zaidi kwa sababu mimi nina mamlaka? Taja jina lake. Kama huna jina, anza leo. Mtafute mtoto mmoja, mle naye, umuulize anasoma wapi. Mama, ukiwa unagawa chakula nyumbani, anza na yule yatima unayemlea. Kijana, ukipewa cheo, tafuta kwanza ndoo na ufagio.

Yesu alikuwa na mamlaka yote, na katika Yohana 13 akashika beseni na taulo. Hakuogopa kupungukiwa.

Tuombe: Bwana, mtoe mnyama aliye moyoni mwangu. Nipe nguvu zinazolinda, si zinazokandamiza. Katika jina la Yesu. Amina.