Toeni Kwanza Uzito wa Bakuli

Enyi wazazi wa Riyadh, nanyi wakuu wa shule wa Jeddah, sikilizeni! Mkinunua tende sokoni Al-Balad, hamkubali zipimwe pamoja na bakuli. Mnamwambia muuzaji atoe kwanza uzito wa bakuli, na macho hayabanduki kwenye mizani mpaka isome sifuri. Mbona mwalimu mnampima na bakuli lake?

Majibu ya mtihani wa kitaifa wa Nafis yakitoka, wa darasa la tatu na la sita, mnatangaza papo hapo: huyu hodari, yule hafai. Nani kati yenu aliuliza mtoto aliingia darasani akijua nini? Aliyelipiwa tuisheni kila jioni alikuja amejaa, na mwalimu wake mnamtuza. Yule aliyeanza mwaka akifuata herufi kwa kidole, moja moja, leo anasoma ukurasa mzima bila kusita; lakini alama yake ingali chini ya wastani, na mwalimu aliyemvusha mnamkaripia mbele ya wenzake. Hiyo ni dhuluma!

Tena mtoto wa darasa la sita amelelewa na walimu wangapi? Mnamtwika wa mwisho mzigo wa wote.

Msiseme hatua aliyopiga mtoto haipimiki. Huko Tennessee, Marekani, sheria ya 1992 ilipokea hesabu ya William Sanders, inayomlinganisha mtoto na alama zake mwenyewe za miaka iliyopita. Na hata hesabu hiyo haitoshi kumhukumu mtu: mwaka 2014 wanatakwimu wa Marekani walionya kuwa tafiti nyingi zinamhusisha mwalimu na asilimia 1 hadi 14 tu ya tofauti za alama. Nanyi mnamhukumu mtu kwa karatasi moja!

Katika kipimo cha kimataifa cha kusoma, PIRLS, watoto wa Saudi Arabia walipata 430 mwaka 2016 na 449 mwaka 2021, na alama ya katikati ni 500. Safari ingali ndefu, nanyi mnawavunja moyo wanaoiongoza.

Nawaambia, mkiendelea hivi walimu hodari watayakimbia madarasa ya wanyonge, na mtoto mwenye shida kubwa ya mwalimu ndiye atakayemkosa.

Sura ya 83 imepewa jina la wapunjao vipimo, na watoto wenu mnawahifadhisha. Basi acheni kupunja. Siku ya kwanza ya masomo, andikeni anachojua kila mtoto. Mwisho wa mwaka ndipo mpime.