ANAYEKWENDA KULIMA KINGI NA AULIZE KWANZA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuotesha mbegu ardhini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, najiusia mimi na nyinyi kumcha Allah.

Ewe kijana mwenye elimu ya kilimo, unataka kwenda Kingi, katika milima ya Masisi, kuwasaidia walioharibiwa na vita, na mzazi wako anasema usiende. Usimpuuze. Dini inatukataza kujitia katika maangamizi. Uliza habari za njia kwa wenyeji, wala usikanyage shamba lililoachwa mpaka ujue kuwa halina mabomu. Huo si woga. Uhai ni amana.

Ukipata radhi yake, sahihisha nia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mmea, anachokula humo mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake. Lakini sadaka hii ina wakati. Huku Kivu msimu A huanza Septemba, msimu B Februari au Machi. Mbegu ya maharagi ikichelewa mvua, nyumba nzima itangoja msimu mwingine kwa njaa.

Na kabla ya jembe uliza: shamba hili ni la nani? Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Baada ya sheria ya ardhi ya 1973, vilima vingi vikawa malisho ya ng'ombe ya wachache, na wanyonge wakabaki na salongo: kumfanyia mwenye shamba kazi ili wapate kipande cha kulima. Machi 1993 damu ilimwagika Ntoto, Walikale, ikaenea Masisi. Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoingia Goma na kambi zikavunjwa, wengi walirudishwa vijijini. Anayemkuta mwingine shambani mwake, na mjane asiye na karatasi, utawaambia nini?

Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa anayedhulumu shubiri moja ya ardhi atafungwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Basi usiwe wewe wa kumletea dhalimu mbegu. Waketishe wote wawili mbele ya wazee, imamu na mchungaji. Wakipatana, andikeni, na mashahidi wawepo. Wasipopatana, ombeni kwingine kipande kisicho na ugomvi, japo cha msimu mmoja, watoto wale huku wazee wakiamua. Wala usiulize huyu ni Mhunde, Mhutu, Mtutsi au Mnyanga. Njaa haina kabila.

Nasi tunaobaki, tusiseme "Mungu akusaidie" mikono ikiwa mitupu. Tumchangie mbegu na majembe, na tuitazame familia yake mpaka arudi.

Ewe Mola, walinde wasafiri wetu, warudishe waliokimbia mashambani mwao kwa haki, na uiteremshie Kivu amani. Amin.

Nasema haya, na namuomba Allah msamaha kwangu na kwenu. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.