Kazi Isiyoonwa na Watu: Je, Ni Bure?

Leo tufikiri pamoja juu ya swali moja. Mtu akifanya kazi njema miaka mingi, wala hapana anayeitazama, wala hapana anayeisifu, je, kazi yake ni bure? Wengi watajibu upesi: Sivyo, si bure. Lakini moyoni tuna mashaka. Mwalimu wa kijijini asiyetembelewa na mkaguzi, mama afumaye mikeka isiyopata mnunuzi, kila mmoja hujiuliza siku moja: Nafanya haya kwa ajili ya nani?

Tutazame mfano wa mtu mmoja. Mwezi wa Mai 2016, nyumba ya maonyesho ya picha iitwayo Lisson, ambayo asili yake ni London, ilifungua mlango mpya mjini New York, katika Marekani. Kwa maonyesho ya kwanza ilichagua kazi za mchoraji mmoja tu. Zilikuwa picha za rangi kali, zenye mistari iliyonyoka kabisa. Asiyejua habari angedhani ni kazi ya kijana mwenye nguvu. Kumbe, mchoraji alikuwa mama mzee, anayetimiza miaka 101 mwezi ule ule! Jina lake Carmen Herrera.

Mama huyu alizaliwa Havana, katika Cuba, mwaka wa 1915. Alisoma kwanza ufundi wa kuchora ramani za nyumba. Mwaka wa 1939 aliolewa na mwalimu Mmarekani, Jesse Loewenthal, wakahamia New York. Mwaka wa 1948 walikwenda Paris, wakakaa huko miaka kadhaa. Ndipo alipoipata njia yake: picha zisizo na sura ya mtu, wala ya mti, wala ya mnyama, ila mistari na rangi mbili tatu tu. Nyingine aliziita Blanco y Verde, maana yake Nyeupe na Kijani. Katika picha hizo, pembe ya kijani hupenya katika weupe, kali kama ncha ya kisu.

Pengine mtu atauliza: Picha isiyo na sura ya kitu ni picha gani? Ndugu, swali hilo lisitusumbue sisi Wakongo. Wakuba wa Kasai wana vitambaa vya rafia ambavyo wake zao huvitia nakshi za mistari na pembe. Hatuulizi: Huyu ni mnyama gani? Jicho linapendezwa na mpango wenyewe. Mama Herrera alifanya vilevile. Aliondoa kila kilichozidi, hata usiweze kuondoa tena mstari mmoja bila kuharibu picha nzima.

Basi, nani alizinunua picha hizi? Hakuna. Alionyesha kazi zake huku na huku, lakini picha yake ya kwanza iliuzwa mwaka wa 2004, naye ana miaka 89. Mwenye nyumba moja ya maonyesho alimwambia waziwazi kwamba anawashinda wanaume kwa uchoraji, lakini hatampa nafasi, kwa sababu yeye ni mwanamke. Mumewe, aliyeitunza nyumba kwa mshahara wake wa ualimu, alikufa mwaka wa 2000, hakuona hata picha moja ikinunuliwa. Baadaye, mwaka wa 2016, jumba kubwa la Whitney mjini New York liliziweka picha zake mbele ya watu wote. Alikufa Februari 2022, mwenye miaka 106.

Sasa turudi kwa swali letu. Picha aliyoichora mwaka wa 1959, je, ilikuwa mbaya mpaka 2004, halafu ikawa nzuri? Haiwezekani. Hakuna mstari wake uliobadilika. Kilichobadilika ni macho ya watu. Basi uzuri wa kazi umo katika kazi yenyewe. Sifa na bei hufuata nyuma, na mara nyingine hazifiki. Fundi mwashi hupanga mawe ya msingi, kisha udongo huyafunika. Hapana atakayeyasifu. Lakini nyumba husimama juu yake. Tena akiyapanga ovyo kwa sababu hayaonekani, siku moja ukuta utamshitaki.

Lakini tujihadhari. Wengine wakisikia habari hii watasema: Mnaona! Mvumilivu hula mbivu. Jibu hilo ni rahisi mno. Watu wangapi hufika miaka 101? Kama mama huyu angalikufa na miaka 88, kazi yake ingalikuwa njema vilevile, lakini sisi tusingalisikia habari zake. Wangapi wamekufa hivyo?

Tena, uvumilivu ni sifa ya yule anayengoja. Si kinga ya yule aliyefunga mlango. Mama Herrera alipenda kusema kwamba ukingojea otobisi, itakuja. Naye aliingojea karibu miaka mia. Neno hilo ni zuri kinywani mwa mwenye kungoja. Lakini dereva aliyempita njiani mara nyingi bila kusimama, akilisema yeye, ni matusi.

Ndiyo maana nasema kuna madeni mawili. Mwenye kufanya ana deni la kuifanya kazi yake sawasawa, aonwe asionwe. Mwenye kutazama ana deni la haki: asiipime kazi kwa kutazama kama ni ya mwanamume au ya mwanamke, ya mwenyeji au ya mgeni. Vitambaa vya Wakuba vimo katika majumba makubwa ya Ulaya. Mara nyingi jina la kabila limeandikwa pale, lakini jina la mama aliyevishona halimo. Na sisi je? Mkeka tunaoukalia, tunamjua aliyeufuma?

Hotuba nzuri juu ya kaburi hazimlishi mtu. Ukiona kazi njema leo, uliza jina la aliyeifanya, umlipe haki yake, umsifu angali anasikia.