Kibanja cha Holaria

Kabla hujatoka kwenda shambani, nikukumbushe kesi ya huku huku kwetu Kagera. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kibanja alichoachiwa na baba yake kwa wosia, shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo akaenda mahakamani: kwa mila ya Kihaya, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akampa mama haki yake, akiegemea Katiba.

Hukumu nzuri, ila haitembei yenyewe hadi kwenye kikao cha ukoo. Hufikishwa na binti aliyesoma, anayemsomea mama karatasi kabla hajatia dole gumba. Wosia wa kwenu, nani ameusoma?